Uhalisi na Burudani katika Mwigo wa Urubani

Kuwasha injini za ndege kubwa ya abiria ni kazi yenye taratibu zake. Rubani huanza na umeme, akaja kwenye pampu za mafuta, akaipa mitambo hewa ya kuizungusha, akangoja vipimo vifike mahali pake, ndipo akaruhusu mafuta yawake. Na muda wote huo orodha ya hatua huwa mbele yake, isiyomruhusu kuruka hata moja. Katika michezo ya kompyuta inayoiga urubani, kazi yote hiyo huweza kumalizwa kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja. Yuko mchezaji ambaye hutaka kuzipita hatua zile moja baada ya moja, na akipunguziwa chochote huona amedhulumiwa. Yuko na mwingine aliyetoka kazini jioni, amechoka, ana saa moja tu kabla ya kulala, naye hutaka kuuona mji wa Rio de Janeiro toka angani wakati wa machweo. Wote wawili wamenunua kitu kile kile kwa bei ile ile. Muundaji wa mwigo amridhishe yupi, na kwa haki gani?

Jawabu la haraka ni la dukani: kila mtu auziwe akipendacho. Walakini wenye kazi hii wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 40, na maneno wanayoyatumia katika mabishano yao si maneno ya dukani hata kidogo. Upande mmoja hunena kwamba kurahisisha ni kudanganya. Upande wa pili hunena kwamba kung'ang'ania kila kitufe na kila taa ni majivuno ya wajuao, wanaopenda kuingia chumbani na kufunga mlango nyuma yao. Uongo ni jambo la maadili, na majivuno kadhalika. Kwa hiyo si vibaya swali lenyewe likapimwa kwa mizani ya maadili, badala ya kuachiwa wahesabu faida peke yao.

Kabla ya kupima, iondolewe kwanza dhana moja inayopotosha mizani. Watu wengi hudhani kwamba mwigo wa urubani ulizaliwa katika shule nzito za kufundisha marubani, kisha ukashushwa hadhi na wapenda michezo. Historia haisemi hivyo. Mmarekani Edwin Link alikuwa kijana katika kiwanda cha baba yake, mjini Binghamton katika jimbo la New York, ambako vilitengenezwa vinanda vikubwa na piano. Alipenda urubani, lakini masomo yake yalikuwa ghali mno. Katika miaka ya mwisho ya 1920 alichukua mivukuto na pampu za hewa, vile vile vitu vinavyokifanya kinanda kitoe sauti, akavifunga chini ya kijumba cha mbao chenye umbo la ndege ndogo. Mtu aliyekaa ndani akivuta usukani, mivukuto ilijaa upande huu na kupungua upande ule, na kijumba kikainama au kuinuka kama kwamba kiko hewani. Mwaka 1929 aliomba haki ya uvumbuzi wake. Wenye shule za urubani hawakuona faida yake. Walioiona ni wenye viwanja vya michezo, na mashine ile ikawekwa mahali ambapo watu hulipa senti chache ili wacheke na wenzao.

Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1934, jeshi la Marekani lilitwikwa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Marubani wake hawakuwa wamezoea kuruka usiku, wala ndani ya mawingu kwa kufuata vipimo peke yake, na katika muda wa majuma machache zaidi ya kumi kati yao walikufa. Ndipo jeshi likageuka na kukitazama tena kile kichekesho cha uwanja wa michezo, likanunua mashine sita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wapatao nusu milioni walijifunza ndani ya vijumba vya Link. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba burudani ni mgeni katika nyumba ya uhalisi amegeuza mambo. Burudani ndiyo iliyojenga nyumba, na uhalisi ukaja kupanga kwa sababu ya misiba.

Uhalisi wenyewe ni nini? Neno hili hutajwa kama kwamba ni kitu kimoja chenye kipimo kimoja, ilhali kila mwigo huchagua mambo machache ya kuyaiga na mengi ya kuyaacha. Hata mwendo wa ndege hewani huigwa kwa njia zaidi ya moja. Njia ya zamani ni ya kuiwekea kompyuta majedwali ya tarakimu: ndege fulani, kwa mwendo fulani, pua ikiinuka kiasi fulani, itainuliwa kwa nguvu kiasi fulani. Njia ya pili, ambayo Austin Meyer aliifanya kuwa msingi wa mwigo wake uitwao X-Plane tangu miaka ya 1990, ni ya kuligawa bawa katika vipande vingi vidogo, kuhesabu upepo unavyokipata kila kipande, kisha kuzijumlisha nguvu zote. Wapenzi wa njia hizi mbili hugombana kama wafuasi wa madhehebu mawili. Kwa haki, ya kwanza husema kweli pale palipopimwa tu, na ya pili hukisia kwa kanuni hata pale ambapo hapana aliyepima. Zote mbili ni kivuli cha ndege.

Tena kuna yale ambayo hakuna mwigo wa nyumbani unaoyagusa. Mwili haupo. Ndege halisi inapokunja kona kali, kichwa huwa kizito shingoni na damu huvutwa kuelekea miguuni. Inaposhuka ghafula, tumbo hupanda kifuani. Mchezaji aliyekaa mezani hapati lolote la hayo. Hofu pia haipo, na hofu si pambo dogo katika urubani, kwa kuwa nusu ya mafunzo ni kuzoea kufikiri sawasawa wakati moyo unapiga mbio. Zile mashine kubwa za mashirika ya ndege, ambazo kila moja husimama juu ya miguu sita inayocheza, hujitahidi kuuleta mwili ndani ya mwigo. Lakini hebu itazamwe namna zinavyofanya. Ili rubani asikie kwamba ndege inaongeza mwendo katika njia ya kurukia, mashine hukiinamisha chumba chote nyuma polepole, huku picha ya mbele yake ikibaki sawa. Uzito wake mwenyewe humsukuma dhidi ya kiti, naye huuhisi kama mwendo. Kwa maneno mengine, ule uhalisi wa daraja la juu kabisa hutengenezwa kwa kulihadaa sikio la ndani. Hili halikusemwa kwa kuzidharau mashine zile, ambazo zimeokoa roho nyingi. Limesemwa kwa sababu wanaowashutumu warahisishaji kwamba wanatumia hila husahau kwamba hila ni chombo cha kazi cha kila mtu katika ufundi huu.

Na je, kama ingewezekana kuleta ukweli wote bila kupunguza, jambo hilo lingekuwa jema? Palikuwa na wachekeshaji wawili wa Marekani, Penn na Teller, ambao katika mchezo wao wa kompyuta wa mwaka 1995 uliokamilika bila kuingia sokoni, waliweka sehemu moja iitwayo Desert Bus. Mchezaji huendesha basi tupu kutoka Tucson mpaka Las Vegas. Safari huchukua saa nane, nazo ni saa nane za saa ya ukutani. Basi haliwezi kuzidi maili 45 kwa saa, na huvutika kidogo kidogo upande wa kulia, kwa hiyo dereva hawezi kuuacha usukani akaenda kunywa chai. Akifika hupata pointi moja. Ni dhihaka, na dhihaka yenyewe ni kali kwa sababu haina uongo ndani yake. Miigo ya urubani ililijua jambo hili mapema, ikaweka njia ya kuharakisha wakati, ili mtu avuke bahari kuu bila kukesha. Hata wale wachezaji wakali kuliko wote, ambao hukaa saa tisa kati ya Nairobi na London bila kuharakisha kitu, hawakai katika kiti chembamba na begi lao magotini. Nao wamechagua.

Maadamu kila mtu huchagua, kosa haliwezi kuwa katika kuacha. Mafundisho ya jambo hili yamo katika lugha na malezi ya watu wa Afrika ya Mashariki. Msimulizi wa hadithi huanza kwa kusema paukwa, na wasikilizaji wakaitika pakawa. Baada ya hapo sungura huweza kusema, na jiwe likaoa, wala hapana mtoto anayesimama kumwita bibi yake mwongo. Lile neno la mwanzo limekwisha kuwaambia wote waliopo kwamba mizani ya ukweli imewekwa kando kwa muda, na kila mmoja ameitika kwa kinywa chake mwenyewe. Kadhalika mtoto anayesukuma gari la waya lenye usukani mrefu hujua kwamba halina injini. Mlio hutoka kinywani mwake. Amekwisha kuacha injini, kioo, milango na mafuta, akabakiza magurudumu yanayogeuka pale usukani unapogeuka, kwa sababu kugeuka ndiko alikokupenda. Angeulizwa kwa nini hakutia taa, asingelielewa swali.

Urahisi, basi, hauna lawama ukitangazwa. Lakini jambo hili lina kina zaidi ya hapo, na mfano mzuri wa kukipima ni wa miguu ya rubani. Katika ndege za kawaida mkono peke yake hautoshi kukunja kona. Mkono hulilaza bawa moja, nalo bawa linaloinuka hukokotwa na hewa zaidi ya mwenzake, na pua huelekea upande usiotakiwa; ndipo mguu hukanyaga ili usukani wa mkiani uirudishe pua mahali pake. Mkono na mguu hufanya kazi kama wapiga ngoma wawili. Wachezaji wengi wa nyumbani hawana pedali za miguu, kwa hiyo tangu miigo ya awali ya miaka ya 1980 kompyuta imekuwa tayari kukanyaga kwa niaba yao, mchezaji akishughulika na mkono tu. Wakali huiona nafasi hii kama fimbo ya kiwete. Walakini mwaka 1937 iliruka ndege halisi, ya chuma na ya petroli, iitwayo Ercoupe, ambayo muundaji wake Fred Weick aliiunda makusudi bila pedali za usukani. Dereva aligeuza gurudumu mfano wa la motokaa, na usukani wa mkiani ukafuata wenyewe. Weick aliiwekea pia mipaka ili isiweze kuingia katika ule mzunguko wa kuanguka uliokuwa ukiua wanafunzi wengi. Zaidi ya 5,000 ziliundwa. Ziliuzwa hata katika duka kubwa la Macy's, mahali wanaponunuliwa watu soksi na sufuria.

Mwigo wenye uhalisi kamili wa Ercoupe, basi, ungekuwa ule ule wanaouita wa kitoto! Hapa yaonekana kwamba watu hugombea ugumu, huku wakiuita uhalisi. Ni vitu viwili. Ugumu mwingine umo katika ndege kwa sababu ya asili ya hewa, na mwingine umo kwa sababu fundi wa zamani hakujua namna ya kuuondoa. Wengine tena hauko katika ndege kabisa; umeletwa na mwigo wenyewe, kama ile shida ya kugeuza kishikizo kidogo kwa puku ya kompyuta, jambo ambalo rubani halisi hulifanya kwa vidole viwili bila kutazama. Mwenye kutetea shida hii ya mwisho kwa jina la ukweli hatetei ukweli. Anatetea muda wake alioupoteza kuizoea.

Yamkini hapo ndipo kilipo chanzo cha majivuno yaliyotajwa mwanzoni. Aliyejifunza jambo gumu kwa tabu huona uchungu linaporahisishwa kwa mwingine, kama kwamba thamani ya jasho lake imeshuka. Uchungu huu ni wa kibinadamu na hauna haja ya kuchekwa, ila hauna haki ya kuwa sheria. Mfanyakazi yule wa jioni anayetaka kuiona Rio hatafuti cheti. Furaha ya kuona dunia toka juu, ambayo kwa maelfu ya miaka mwanadamu aliiotea ndoto bila kuipata, haikuwekwa iwe zawadi ya wale wanaojua kusoma vipimo peke yao.

Lakini na upande wa urahisi una kosa lake, tena kubwa. Mwezi Februari 2012, kampuni ya Microsoft, ambayo ilikuwa imetoa miigo ya urubani tangu mwaka 1982, ilileta mchezo mpya uitwao Microsoft Flight. Ulitolewa bure, ulianza na kisiwa kikuu cha Hawaii, na uliwalenga watu ambao hawakuwahi kuigusa miigo ya zamani. Nia haikuwa mbaya. Mchezaji mgeni alipokewa vizuri, akafundishwa hatua kwa hatua, akapewa kazi fupi fupi za kupendeza. Kisha ziliuzwa ndege za ziada, na mojawapo, ile P-51 Mustang iliyosifika katika vita, iliuzwa bila chumba cha rubani. Mnunuzi angeweza kuiona ndege toka nje, inang'aa; ndani hapakuwa na mahali pa kukaa. Mwezi Julai mwaka ule ule kazi ya kuuendeleza mchezo huo ilisimamishwa. Sababu za kuanguka kwa biashara huwa nyingi, na si halali kuzibebesha ndege moja. Hata hivyo ndege ile isiyo na ndani ni picha ya kosa lenyewe. Urahisi wake haukuwa wa mlango mpana wa kuingilia nyumba kubwa. Ulikuwa mlango uliochorwa ukutani. Aliyeanza kwa kucheza, akashikwa na hamu ya kujua kwa nini ndege hufanya ifanyavyo, hakuwa na pa kwenda. Kumdhania mtu kwamba hatataka kamwe kujua zaidi ni dharau, ijapokuwa imevikwa nguo ya ukarimu. Mwigo uliofuata kwa jina la kampuni hiyo, ulioundwa na Wafaransa wa Asobo Studio na kutolewa Agosti 2020, ulirudi kwenye busara ya zamani: msaada mmoja mmoja umeandikwa jina lake, na mchezaji huuwasha au huuzima apendavyo, toka kusaidiwa kila kitu mpaka kuachwa peke yake na upepo.

Sasa lije lile lililo zito kuliko yote. Tarehe 12 Novemba 2001, ndege ya abiria namba 587 ya shirika la American Airlines iliondoka New York kwenda Santo Domingo. Dakika chache baada ya kupaa iliingia katika msukosuko wa hewa ulioachwa na ndege kubwa iliyotangulia. Rubani msaidizi alikanyaga pedali za usukani kwa nguvu, huku na huku, mara kadhaa, mpaka bawa la wima la mkiani likang'oka. Walikufa watu 260 waliokuwa ndani na watano waliokuwa chini. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilisema kwamba mikanyagio ile haikuhitajika. Katika mambo yaliyochangia ilitaja namna mfumo wa usukani wa ndege ile ulivyoundwa, na pia ikataja sehemu za mafunzo ya shirika. Katika mafunzo hayo palikuwa na zoezi la ndani ya mashine ya mwigo, ambamo ndege hutupwa upande na msukosuko wa aina ile ile. Ili zoezi liwe na maana, mashine ilipangwa iwe inazuia kwa muda mfupi nguvu za usukani, ndege ilale sana kwanza, ndipo rubani aanze kuiokoa. Bodi iliona kwamba zoezi la namna hiyo lingeweza kumpa rubani picha isiyo halisi, iliyokuzwa, ya nguvu za msukosuko ule juu ya ndege kubwa.

Jambo hili halikutokea katika mchezo wa watoto. Lilitokea katika mashine ya gharama kubwa, mikononi mwa walimu wenye nia njema, mahali ambapo neno burudani lisingeliweza kutamkwa. Mwigo ulibadilisha kidogo tabia ya dunia ili somo likolee, kama mpishi anayezidisha pilipili. Rubani aliyepitia zoezi kama hilo bila kujua lilivyopangwa hawezi kutoka akisema kwamba mashine ilitiwa chumvi. Atatoka akisema kwamba hewa ndivyo ilivyo na kwamba miguu yake ndivyo inavyopaswa kufanya. Wala hakukosa uhalisi wa vyombo, wa picha, wa sauti, wa kiti. Alikuwa na uhalisi tele, na wingi wa kweli nyingine zote ndio unaoipa nguvu ile isiyokuwa kweli. Katuni haiwezi kumdanganya mtu namna hiyo, kwa kuwa uso wake umekwisha kusema paukwa.

Deni la muundaji, kwa hiyo, halihusu ndege tu. Lahusu imani anayotoka nayo mchezaji juu ya nafsi yake: naweza nini, najua nini. Imani hiyo ni nyepesi kupanda kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, walichapisha jaribio ambamo watu wasio marubani waliulizwa kama wangeweza kuitua ndege katika dharura. Baadhi yao walionyeshwa kwanza filamu isiyofika dakika nne ya marubani wakitua, filamu isiyofundisha chochote cha maana. Walioitazama walijiamini zaidi ya wasioitazama. Ikiwa dakika nne za kutazama zaweza kufanya hivyo, saa mia mbili za kuitua Boeing kwa msaada uliofichwa zitafanya nini?

Hapa muundaji wa burudani ana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Atasema kwamba furaha yenyewe hukaa ndani ya kutojua. Katika michezo ya kompyuta ya kuruka vikwazo, mchezaji aliyekwisha kuvuka ukingo wa jabali huruhusiwa bado kuruka kwa sehemu ndogo ya sekunde, ingawa hewani hapana pa kukanyaga. Akiambiwa, raha hupungua, na asipoambiwa hujiona hodari. Kwa nini mwigo wa ndege usimpe mkono wa siri wakati wa kutua? Hoja ni nzuri, ila inasahau tofauti moja. Jabali la mchezo ule halina jina duniani, na hapana mtu anayeondoka mezani akaamini kwamba miguu yake hukanyaga hewa. Mwigo wa urubani huazima majina: hii ni Cessna 172, huu ni uwanja wa Nairobi. Kuazima jina ni kutoa ahadi. Uwanja wa ndege wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, hasa mchana wa jua, na ndege ndogo iliyojaa watu wanne huhitaji njia ndefu zaidi kuondoka hapo kuliko Mombasa. Mchezo unaoiruhusu kuruka Nairobi kama inavyoruka Mombasa, bila kusema kitu, umechukua jina na kuacha ahadi. Ungeuita uwanja huo kwa jina la kubuni, lawama ingepungua sana.

Haina maana kwamba msaada usiwepo, wala kwamba kengele ilie kila unapofanya kazi na kumwaibisha mgeni mbele ya watoto wake. Pana wakati wa kusema, nao ni mwanzo na mwisho. Kabla ya kupaa mchezaji aweza kuambiwa kwa sentensi moja ni mambo gani yatafanywa kwa niaba yake, na baada ya kutua aweza kuonyeshwa, akipenda, ni wapi mkono wake ulitosha na ni wapi mashine iliushika. Katikati aachwe afurahi. Hata hivyo wapo watakaohuzunika wakiona karatasi ile, na hasara hiyo ni ya kweli. Muundaji anayechagua kumwambia mteja wake kwamba kutua kwake kuzuri hakukuwa kwake peke yake amekubali kupoteza wateja kadhaa, na hapana kanuni ya biashara itakayomlipa.

Yako pia mambo ambayo mizani hii haiwezi kuyaamua. Kwa miaka zaidi ya 20 miigo ya Microsoft ilimweka mchezaji wake mwanzoni kabisa katika uwanja mdogo uitwao Meigs Field, kandokando ya ziwa mjini Chicago, majumba marefu yakiwa upande wa kushoto. Wengi walipaa hapo kabla ya kupaa mahali pengine popote maishani mwao. Usiku mmoja wa mwisho wa Machi 2003, kwa amri ya meya, matingatinga yalichimba alama kubwa za X katika njia yake ya kurukia, na uwanja haukufunguliwa tena. Leo ni bustani ya umma. Mwigo wa kisasa, unaochora dunia kwa picha zilizopigwa toka angani, huonyesha majani na vijia vya kutembelea, na hiyo ndiyo kweli. Wapenzi wa kale wameuunda uwanja upya kwa mikono yao, wakaupachika juu ya bustani, na bado hupaa hapo asubuhi, huku wakijua vizuri kabisa kwamba haupo.